Mwenye Macho Aambiwe Tazama

Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Nimekua na methali hiyo na bado naikubali sokoni, barabarani na shambani. Mbele ya hadubini siikubali. Kila mwaka nawapokea wanafunzi wapya wa baiolojia, nawapa slaidi ya ngozi ya kitunguu, wanaweka jicho kwenye lenzi, na baada ya dakika kumi naletewa mchoro wa duara kamili, ukingo wake mweusi mnene, katikati nyeupe pe. "Mwalimu, nimeiona seli." Alichokiona ni povu la hewa lililonaswa chini ya kigae cha kufunikia. Macho yake ni mazima, pengine kuliko yangu, na kitu alichokichora kilikuwapo kweli. Ila hakuna aliyemwambia atazame nini, atofautishe nini na nini, na agonge kigae kwa ncha ya penseli ili aone kama seli yake itakimbia.

Naanza na povu hilo kwa sababu imani ninayoipinga haiko kwa wanafunzi peke yao. Imepanda hadi kwa wakubwa: kwamba picha ya hadubini inajitosheleza, kwamba ukishaonesha kiumbe chako kinang'aa kijani gizani umemaliza kuthibitisha. Nimekaa kwenye semina nyingi. Mtafiti akileta jedwali, mikono inanyooshwa ukumbi mzima: sampuli ngapi, ulipimaje, ulilinganisha na nini. Mtafiti huyohuyo akileta kiinitete cha samaki chenye mishipa ya damu inayowaka kama taa za mji usiku, watu wanashusha pumzi, na mikono inashuka nayo. Jedwali tunalihoji kama shahidi, picha tunaikaribisha kama mgeni wa heshima.

Wanaoitetea hali hii wana hoja, nami sitaki kuidogosha. Wanasema takwimu tayari zimepitia tafsiri ya mtu, ilhali picha ni tukio lenyewe. Wanasema kumtazama mnyoo mzima akiwa hai, seli zake zikigawanyika mbele yako, kunakuweka karibu na ukweli kuliko kitu kingine chochote ambacho sayansi inaweza kukupa. Na ikitokea picha imekosewa, wana maelezo: hadubini ilikuwa dhaifu, inunuliwe kubwa zaidi.

Basi tuanze na kosa moja tuone kama lilitokana na udhaifu wa hadubini. Mwaka 1923 Theophilus Painter, akifanya kazi Texas, alichapisha idadi ya kromosomu za binadamu: 48. Alikuwa mtu makini. Alichukua tishu za korodani, akazikata vipande vyembamba, akazipaka rangi, akachora alichokiona. Shida ilikuwa kwamba ndani ya seli kromosomu zililaliana kama kuni kwenye mzigo. Huwezi kujua kwa hakika hapa imeishia moja ikaanza nyingine, au ni ileile iliyojikunja. Kabla ya kutangaza 48, Painter mwenyewe alikuwa ameyumba kati ya 46 na 48. Akaamua. Wengine wakahesabu baada yake wakapata 48, na vitabu vikafundisha 48 kwa miaka zaidi ya 30.

Kinachonisumbua zaidi kilitokea mwaka 1952. T. C. Hsu, naye akiwa Texas, aligundua kwamba seli zikioshwa kwa maji yenye chumvi pungufu huvimba, na kromosomu zilizolaliana hutawanyika kama shanga zilizomwagwa mkekani. Kikwazo cha Painter kikawa kimeondoka. Hsu akatazama, akahesabu, akaandika 48. Huko Sweden walikuwapo watafiti waliokuwa wakichunguza seli za ini za viinitete, wakaiacha kazi hiyo kwa sababu walishindwa kuzipata kromosomu zote 48. Walikuwa wakizipata 46. Jibu sahihi lilikuwa chini ya lenzi yao, nao wakalihesabu kuwa ni kushindwa kwao! Ndipo Joe Hin Tjio, mzaliwa wa Java, pamoja na Albert Levan wa Lund, walipotumia seli za mapafu, maji yale ya Hsu na dawa ya kolikisini, wakahesabu seli baada ya seli, na mwaka 1956 wakathubutu kuandika 46, tena kwa tahadhari. Lenzi za mwaka 1952 zilitosha kabisa kuonesha 46. Kilichokosekana ni mtu wa kuiambia namba 48 kwamba imeitwa shaurini.

Sitaki msomaji abaki na picha ya Painter kama mtu asiyejua kazi, kwa sababu miaka kumi baada ya kosa hilo alifanya jambo ambalo halijatikiswa hadi leo. Katika tezi za mate za buu wa nzi wa matunda, yule mdogo anayezunguka ndizi zilizoiva, mna kromosomu kubwa ajabu zenye mistari iliyopangana kama kikoi. Wachunguzi walikuwa wameiona mistari ya namna hiyo kwa wadudu wengine tangu karne ya 19, wakaichora na kuiacha. Mwaka 1933 Painter aliweza kusema jeni fulani iko sehemu fulani ya mistari hiyo. Ni kwa nini safari hii hakupotea?

Kwa sababu nzi alikuja na shahidi wa pili. Tangu mwaka 1910, Thomas Hunt Morgan na wanafunzi wake huko New York walikuwa wakipandisha nzi hao kizazi baada ya kizazi na kuhesabu watoto: wenye macho mekundu wangapi, wenye macho meupe wangapi, wenye mabawa mafupi wangapi. Kwa hesabu hizo pekee, bila kuona jeni yoyote, walishajua jeni zipi ni majirani na zipi zinakaa mbalimbali. Eksirei zilipokata kipande cha kromosomu na kukigeuza, hesabu ya watoto ilitangulia kusema ni kipande kipi kimegeuka. Painter akaenda kwenye hadubini akakuta mistari imegeuka palepale. Mashahidi wawili waliohojiwa kila mmoja chumba chake walisema neno moja. Kwa kromosomu za binadamu alikuwa na shahidi mmoja tu, na shahidi huyo alikuwa akimnong'oneza alichotarajia kusikia.

Hapa ndipo ninapoachana na wanaodhani nzi, mnyoo na samaki walichaguliwa kuwa viumbe wa mfano wa utafiti kwa sababu wanapigika picha vizuri. Ni kweli mnyoo Caenorhabditis elegans, mwenye urefu wa milimita moja, anapitisha mwanga kama kioo. Ni kweli kiinitete cha samaki pundamilia hukua nje ya tumbo la mama, na moyo wake huwa umeshaanza kudunda kabla siku ya pili haijaisha. Lakini povu la hewa nalo lapitisha mwanga. Thamani ya viumbe hawa wa mfano ni kwamba picha zao zinaweza kuhojiwa. Ukoo wao unajulikana, jeni yao unaweza kuizima ukaona kama ulichokiona kinatoweka, na kesho unaweza kurudia jambo lilelile kwa ndugu zao. Anayechukua uangavu wao na kuacha mahojiano amenunua ng'ombe wa maziwa kwa ajili ya ngozi.

Historia ya Golgi inasema hayohayo, tena kwa ukali zaidi. Mwaka 1873 Camillo Golgi wa Italia alipata njia ya kutumia chumvi ya fedha inayopaka seli chache tu za ubongo, zikawa nyeusi tii huku jirani zao zote zikibaki bila rangi. Alipotazama aliona wavu mmoja uliounganika. Santiago Ramón y Cajal, Mhispania, akaichukua njia ileile, na kuanzia mwaka 1888 akasema haoni wavu: anaona seli mojamoja, zinakaribiana bila kuungana. Mwaka 1906 wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel kwa pamoja, na Golgi akaitumia hotuba yake ya Stockholm kuipinga nadharia ya mwenzake. Rangi ilikuwa moja, hadubini za aina moja, watazamaji wote mahiri, na majibu hayawezi kulala nyumba moja. Kama picha ingekuwa tukio lenyewe, ugomvi huo usingekuwa na mahali pa kuanzia.

Cajal alishinda kwa kuchagua wanyama. Aliacha ubongo wa mtu mzima, ambao nyuzi zake zimevikwa ala ya mafuta inayozuia rangi kuingia, akaenda kwa vifaranga ambao hawajaanguliwa na kwa wanyama wachanga. Kwenye ubongo ambao bado unajengwa aliukuta uzi ukiwa safarini, ncha yake ikiishia katikati ya tishu bila kushika chochote. Ncha ile ndiyo iliyokuwa swali lake kwa wavu wa Golgi: kama kila kitu kimeungana tangu mwanzo, huyu anayetembea peke yake ametoka wapi?

Na Golgi huyohuyo, aliyeukosea ubongo, hakuikosea malaria. Mwaka 1880, huko Constantine nchini Algeria, daktari wa jeshi la Ufaransa Alphonse Laveran alikuwa ameona vimelea vikirusha mikia katika damu mbichi isiyokaushwa, na kwa miaka kadhaa wakubwa wa taaluma wakasema ni chembe za damu zinazokufa tu. Golgi, katikati ya muongo huo, alichukua damu za wagonjwa kwa saa tofauti na kuziweka kando ya vipimo vya joto la mwili. Akakuta homa inapanda pale vimelea vinapogawanyika vyote kwa pamoja na kuzipasua chembe nyekundu: kila saa 48 kwa aina moja, kila saa 72 kwa nyingine. Macho yake yalikuwa yaleyale. Kwenye ubongo aliamini uzuri wa picha. Kwenye damu aliipa picha saa na kipimajoto, akailazimisha ijibu mbele ya mgonjwa anayetetemeka kitandani.

Wapo watakaosema hayo ni mambo ya babu zetu, na kwamba siku hizi tuna mwanga wa kijani. Nao tuutazame. Mwaka 1962 Osamu Shimomura alitenga protini inayong'aa kutoka kwa konyeza wa Bahari ya Pasifiki, na mwaka 1994 Martin Chalfie na wenzake wakaonesha kwamba jeni yake inaweza kuwekwa ndani ya mnyoo, seli zake za neva zinazohisi mguso zikawaka kijani akiwa hai. Ni moja ya zana nzuri kuliko zote ambazo baiolojia imewahi kupata, na Tuzo ya Nobel ya 2008 ilistahili. Lakini protini hiyo ni mzigo wa asidi amino 238 unaofungwa mgongoni mwa protini nyingine. Bakteria E. coli ana protini iitwayo MreB, inayomsaidia kubaki na umbo la kijiti. Picha zinazong'aa zilionesha MreB imejizungusha ndani ya seli kama springi, na springi hiyo ikaingia kwenye vitabu. Mwaka 2012 Matthew Swulius na Grant Jensen walizigandisha seli hizo ghafla na kuzitazama kwa hadubini ya elektroni. Penye taa iliyofungwa kwenye mkia wa mbele wa protini, springi ilikuwapo. Taa ilipoondolewa, springi haikuwapo. Watu walikuwa wamepiga picha ya mzigo, wakaandika habari za mbebaji.

Hadubini ya elektroni nayo ina deni lake. Kwa miaka mingi ilionesha ndani ya bakteria vifuko vilivyopewa jina la mesosomu, vikatungiwa kazi mbalimbali. Katika miaka ya 1970 ikadhihirika kwamba vifuko hivyo huzaliwa wakati dawa za kuhifadhia zinapoiua seli. Na yule samaki pundamilia anayesifiwa kwa uangavu, akikua kidogo hupata rangi, hivyo maabara nyingi humtia kwenye dawa ya kuzuia rangi, dawa ambayo inajulikana kuigusa pia tezi ya shingo yake. Hivi ukipima ukuaji wa jicho la samaki huyo, unapima nini? Swali hilo linajibika: weka pembeni samaki wasiotiwa dawa. Nimesoma makala ambazo samaki hao wa pembeni hawakutajwa hata kwa sentensi moja, kwa kuwa picha ilikuwa safi mno kiasi kwamba hakuna aliyeona haja.

Bei ya ukimya wa namna hiyo tuliiona Januari 2014, jarida la Nature lilipochapisha makala mbili za watafiti wa taasisi ya RIKEN ya Japani na washirika wao. Zilidai kwamba seli za panya mchanga zikiloweshwa kwa muda mfupi katika asidi hafifu hurudi katika hali ya utoto kabisa, ziweze kuwa kiungo chochote. Kilichowavuta watu ni mwanga: panya hao walikuwa wamewekewa jeni ya kung'aa kijani pale tu seli inaporudi utotoni, na seli zilizotoka kwenye asidi ziliwaka kijani. Wengine waliporudia jaribio walikumbushana jambo ambalo kila fundi wa hadubini hulijua: seli inayokufa hujing'aria yenyewe. Julai mwaka huohuo makala zote mbili zilifutwa, baada ya uchunguzi kukuta pia picha zilizochezewa. Udanganyifu upo, sikatai. Elisabeth Bik na wenzake walipitia makala 20,621 na mwaka 2016 wakaripoti kwamba asilimia 3.8 zilikuwa na picha zilizojirudia isivyofaa, na angalau nusu ya hizo zilikuwa na dalili za makusudi. Lakini mimi nawaogopa zaidi waaminifu. Mdanganyifu anajua kwamba amechora povu.

Kuhusu hadubini kubwa zaidi: sina ugomvi na ufundi. Waliovuka kikomo cha zamani cha mwanga, wakapata Nobel ya 2014, walifungua mlango wa kweli, na ningefurahi chuo chetu kikipata hata sehemu ya vifaa hivyo. Ninachokataa ni kufanya ununuzi kuwa jibu la shaka. Mashine inayokuza zaidi hukuza na kosa la maandalizi pamoja nayo. Sasa tumefikia hatua nyingine. Ili kuepuka kumuunguza mnyama kwa mwanga mkali, tunapiga picha hafifu yenye chengachenga, kisha tunaipa programu iliyofundishwa kwa maelfu ya picha safi ikisie vilivyofichika. Inafanya kazi vizuri, na waliozitengeneza programu hizi wamekuwa waungwana kutuonya kwamba zinaweza kubuni kitu. Zinajaza pengo kwa kile zilichozoea kukiona. Mtu anayejaza pengo kwa alichozoea kukiona tulishakutana naye: alikuwa akihesabu 48.

Mwenzangu mmoja aliposikia hoja hizi aliniambia nawapa silaha wanaopinga chanjo na dawa, kwamba nikisema picha hukosea watasema sayansi yote ni ubunifu. Nimelifikiria hilo kwa muda mrefu. Jibu langu ni kwamba kila kosa nililolitaja lilisahihishwa na watu wa hadubini wenyewe, kwa kuandaa upya na kuhoji upya. Anayeficha makosa hayo ndiye anayempa mpinzani silaha, kwa sababu siku yakifichuka hatakuwa na la kusema.

Tena zipo picha nilizoziamini, na msomaji wa Lubumbashi atafurahi kujua kwamba moja ina asili ya kwao. Mwaka 1948 Ignace Vincke na Marcel Lips walikuta Katanga kimelea cha malaria cha panya wa porini, Plasmodium berghei, ambacho leo kinafugwa katika maabara dunia nzima kama mfano wa malaria yetu. Zamani ilifundishwa kwamba mbu anapouma humwaga vimelea moja kwa moja kwenye damu. Mwanzoni mwa karne hii vimelea vya Katanga viliwekewa taa ya kijani, na filamu zikavionesha vikihangaika ndani ya ngozi ya panya, vingine vikipata mshipa wa damu, vingine vikiingia kwenye njia za limfu. Filamu inapendeza. Lakini mimi niliiamini kwa sababu ya kazi isiyopendeza iliyoitangulia: katika miaka ya 1990 watafiti walikuwa wameondoa kipande cha ngozi ya panya mahali mbu alipouma, dakika chache baada ya kuuma, wakakuta panya wengi hawakuambukizwa. Kisu kilishasema vimelea vinakaa ngozini. Filamu ilikuja kuonesha vinafanya nini humo.

Na wala hatuhitaji kwenda ng'ambo kujifunza namna ya kuihoji picha. Nenda kwenye maabara ya wilaya. Mgonjwa akitoka pale anatangaza kwa jirani, "nimekutwa na malaria nne," lakini kwa mtaalamu wa maabara, anapofanya kazi ya utafiti au anapokaguliwa ubora, hakuna malaria nne. Kuna tone nene na tone jembamba, rangi ya Giemsa, lenzi ya mia yenye mafuta, na hesabu: vimelea vingapi kwa kila chembe nyeupe 200. Slaidi ileile inasomwa na mtu wa pili asiyejua wa kwanza aliandika nini wala mgonjwa ni nani. Wakitofautiana kupita kiasi, anaitwa wa tatu. Mtaalamu huyo, mwenye hadubini ya mwanga wa kawaida, pengine inayotegemea kioo na jua umeme ukikatika, anabanwa na sheria ambazo majarida yenye majina makubwa hayambani nazo mwenye mashine ya mamilioni ya dola. Yeye haruhusiwi kuchagua uwanja mzuri kuliko yote na kuandika chini yake "mfano wa kawaida."

Maneno hayo mawili, mfano wa kawaida, nimeyaandika mimi mwenyewe chini ya picha yangu. Ilikuwa picha ya mkia wa samaki, nzuri kuliko zote nilizopiga wiki ile, na niliichagua kwa uzuri. Hakuna mhakiki aliyeniuliza nyingine zilikuwaje. Zilikuwa zinasema jambo lilelile kwa sauti ya chini, na mbili hazikusema kitu. Nilipaswa kuziweka zote. Tangu hapo ninapopewa makala ya mwingine kuihakiki naomba vitu ambavyo sikuombwa: picha zote zilizopigwa, idadi ya wanyama, nani aliyehesabu na kama alijua anahesabu kundi lipi, na picha ya mnyama asiyewekewa taa, iliyopigwa kwa mwanga uleule na muda uleule. Wengine huniona msumbufu. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachohitaji mashine mpya.

Anayetaka kujua kutazama ni nini amsome John Sulston wa Cambridge. Yule mnyoo C. elegans, aliyeingizwa maabara na mwanabaiolojia Sydney Brenner, ana seli za mwili 959 akikomaa, na Sulston alitaka kujua kila moja imetoka kwa nani. Kwa hatua za ndani ya yai, filamu zilikuwa zikitumika Ujerumani. Yeye alikaa kwenye hadubini mwenyewe, vipindi viwili kwa siku vya saa nne nne, kwa karibu mwaka mmoja na nusu, akimtazama mnyoo hai na kuchora kwa kalamu za rangi. Ukoo wote ulichapishwa mwaka 1983. Humo mna seli 131 ambazo huzaliwa na kufa, zilezile, saa zilezile, kwa kila mnyoo. Sulston alizichora zikifa. Robert Horvitz na wenzake wakatafuta minyoo wenye kasoro, wakapata jeni ambazo zikiharibika seli hizo haziendi kufa, zinabaki pale zilipozaliwa. Mchoro ulitoa madai, jeni zikayathibitisha, na kutoka hapo tukaanza kuelewa namna seli zetu wenyewe zinavyojiua kwa utaratibu, na namna saratani inavyokwepa utaratibu huo. Mwaka 2002 watatu hao walipewa Nobel. Kifaa kikuu kilikuwa hadubini ya mwanga, ya aina ambayo vyuo vyetu kadhaa vinayo.

Siku hizi wanafunzi wangu wanaelekeza simu kwenye lenzi, wanapiga picha kabla hawajaweka jicho, kisha wanataka kuondoka. Nimeweka kanuni katika vipindi vyangu: simu zinakaa kwenye kikapu mlangoni, kila mtu anachora kwa penseli kwa saa nzima, anagonga kigae, anasogeza slaidi, anahesabu seli katika nyanja tano ambazo hakuzichagua, kisha anabadilishana slaidi na jirani bila kumwambia alichopata. Wananung'unika, hasa dakika ya ishirini na tano, wanapodhani wamemaliza. Ni kuanzia dakika hiyo ndipo raba zinapoanza kutumika, na maduara yenye ukingo mweusi yanapoanza kufutwa, moja baada ya jingine, bila mimi kusema neno.